Picha ya simu igeuke mchoro mseto: miraba, kunakili, kuhamisha tona, au kuchora juu ya chapa?

Picha unayo tayari: mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, au shangazi ameketi barazani na kanga yake. Unataka kuigeuza mchoro wenye penseli, mkaa, rangi ya maji, akriliki, pengine na vipande vya karatasi vya kubandika. Wengi hukimbilia kuuliza wanunue rangi gani. Kuna swali linalotangulia: picha itaingiaje kwenye karatasi? Ukishachagua njia, umeshaamua pia ni rangi gani itashika baadaye na ipi itateleza, kuchuruzika au kubanduka.

Njia zinazotumika sana ni nne. Mbili za kwanza, miraba na kunakili, huichukua picha kama kiongozi tu. Mchoro ukiisha, picha haimo. Mbili za mwisho, kuhamisha tona (unga wa printa ya leza) na kuchora juu ya chapa (picha iliyochapishwa), huiacha picha ndani ya kazi, na mkono wako unafanya kazi juu yake.

| Njia | Kinachobaki cha picha | Karatasi inayofaa (gramu kwa mita ya mraba) | Muda kabla ya kuanza kupaka |
|---|---|---|---|
| Miraba | Vipimo tu | Yoyote, hata gramu 300 | Saa 2 hadi 3 kwa A3 |
| Kunakili kwa risasi ya penseli | Mistari | Yoyote yenye uso laini kiasi | Nusu saa hadi saa moja |
| Kuhamisha tona kwa akriliki | Picha nzima, yenye mikwaruzo | Gramu 300, plaiwudi, hadibodi | Saa moja ya kazi na usiku mmoja wa kukauka |
| Kuchora juu ya chapa hafifu | Picha nzima, safi | Gramu 160 hadi 200, isiyong'aa | Dakika chache dukani |

Picha yenyewe kwanza

Kamera kuu ya simu nyingi huona kwa upana. Ukimpiga mtu picha kwa umbali wa sentimita 50, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na kosa hilo hakuna penseli italiponya. Rudi mita moja na nusu hadi mbili, kisha kuza mara mbili. Kwa mlango, simama katikati na simu iwe wima kabisa. Ukiielekeza juu ili upate kizingiti cha juu, miimo hukaribiana kuelekea juu. Vichochoro vya Mji Mkongwe vyenyewe havikupi nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kunyoosha mistari kwenye programu ya kuhariri kabla ya kuchapisha.

Mwanga wa saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, kwenye kivuli kilicho wazi, ndio unaofaa kwa uso. Mtu mweusi akipigwa picha mgongo ukiwa kwenye anga jeupe, simu hupima anga, na uso unabaki doa moja jeusi. Gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga ili ipime pale. Doa jeusi lisilo na kitu ndani yake halichoreki, utaishia kubuni.

Ukimtumia mtu wa duka la fotokopi kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa. Kwa A4 inayosomeka vizuri, lenga pikseli 1,654 kwa 2,339 hivi, yaani nukta 200 kwa inchi. Na ukiagiza chapa ya sm 10 kwa 15, mwambie asijaze karatasi. Picha ya simu kwa kawaida ina uwiano wa 3 kwa 4, karatasi ile ni 2 kwa 3, na ili ijae, karibu sehemu moja ya kumi ya upana hukatwa. Kwenye picha ya mtu, kinachokatwa ni bega au kiwiko, na unagundua umeshaanza kuchora.

Miraba au kunakili?

Hizi mbili hushindana kwa watu wanaotaka mchoro uwe mchoro, bila picha kuonekana chini. Tofauti yao kubwa ni ukubwa. Kunakili hukupa kipimo kilekile cha chapa uliyonayo. Miraba hukuza utakavyo.

Hesabu iliyo rahisi kwa miraba ni hii. Chapisha picha sm 9 kwa 12. Igawe kwa miraba ya sm 1, utapata 108. Kwenye A3, ambayo ni sm 29.7 kwa 42, chora miraba ya sm 3. Mchoro utakuwa sm 27 kwa 36, ukingo utabaki sm 1.35 kushoto na kulia, sm 3 juu na chini. Andika herufi juu na namba pembeni, kwenye picha na kwenye karatasi. Usiamini macho: ukiruka mraba mmoja, jicho linahamia shavuni. Sehemu ya macho na mdomo, gawa kila mraba tena mara nne, kwingine acha.

Hatari ya miraba ni mistari yake. Penseli ngumu, 4H kwa mfano, huchimba karatasi hata ukidhani umeigusa tu. Juu ya mfereji huo penseli ya rangi hupita bila kuingia, ukabaki mstari mweupe. Rangi ya maji nayo hutuama ndani, ukabaki mstari mweusi. Tumia HB kwa mkono mwepesi. Futa miraba kabla ya kugusa maji, kwa sababu rangi ya maji ikishakauka juu ya risasi, raba haiitoi tena. Ukikusudia mkaa, ni afadhali miraba isiwepo kwenye karatasi kabisa: weka alama ndogo pembezoni tu na ushike uzi au rula unapopima.

Kunakili kunakuokolea muda, hasa kwa vitu vyenye vipimo vikali kama mlango, dirisha, jahazi au basi. Paka nyuma ya chapa kwa penseli laini ya 4B au 6B, futa vumbi kwa tishu, iweke juu ya karatasi, ibane kwa tepu ya karatasi upande wa juu pekee ili uweze kufunua na kuchungulia. Pita mistari kwa kalamu ya wino mwekundu. Hapo unaona ulipokwisha kupita. Funua baada ya mistari mitatu ya kwanza, si baada ya mia.

Karatasi ya kaboni ya ofisini inavutia kwa kuwa ni bei ndogo na ipo kila mahali. Iache. Ina nta, hivyo haifutiki vizuri, husukuma rangi ya maji, na ubuluu wake hujitokeza chini ya rangi nyepesi. Risasi uliyoipaka mwenyewe inafanya kazi ileile na inafutika. Kioo cha dirisha mchana ni njia nyingine, lakini karatasi ya gramu 300 haipitishi mwanga wa kutosha. Hapo utaishia kukisia.

Ubaya wa kunakili ni kwamba kila mstari unatoka na unene mmoja, na mchoro unafanana na kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Kwa mlango, nakili fremu, mfaa (nguzo) wa katikati, mipaka ya paneli, na kitone kimoja mahali pa kila njumu, vile vifundo vya shaba. Nakshi zenyewe zichore kwa jicho. Kwa uso, miraba hunishawishi zaidi: inakulazimisha kutazama, ilhali kunakili kunakuruhusu kufuata mstari bila kujua ni wa nini.

Kuhamisha tona

Tuikalie kidogo njia hii, maana ndiyo inayopendwa na ndiyo inayoharibika zaidi.

Printa ya leza na mashine ya fotokopi hazitumii wino. Zinatumia tona, unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi. Maji hayaiyeyushi. Ukiigandisha kwenye akriliki kisha ukaloweka karatasi na kuisugua, karatasi inaondoka na plastiki inabaki. Printa ya wino haiwezi hivyo, kwani mara nyingi wino wake huyeyuka ukigusana na maji. Huna hakika chapa ni ya aina gani? Lowesha kidole usugue pembeni. Ikichuruzika, si tona.

Geuza picha kwanza, kushoto iwe kulia, kama ionekanavyo kwenye kioo, kwa sababu utaibandika kifudifudi. Ukisahau, uso utakusamehe, maandishi hayatakusamehe: jina la kanga litasomeka kinyumenyume, na mlango wenye aya ya Kurani juu ya kizingiti utakuwa kosa ambalo kila mpita njia ataliona. Kwa aya kuna jambo la ziada. Njia hii inamaanisha kusugua karatasi hadi iwe makombo na kuyatupa, kwa hiyo kata sehemu hiyo kwenye picha kabla ya kuchapisha, uiandike kwa mkono baadaye au uiache.

Ongeza tofauti ya mwanga na giza, chapisha kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80. Kinachopokea kiwe kigumu: karatasi ya gramu 300, plaiwudi, au hadibodi. Manila peke yake hujikunja na kuchanika wakati wa kusugua.

Paka midiamu ya akriliki isiyong'aa, yaani akriliki isiyotiwa rangi, kwa brashi pana. Iwe tabaka jembamba na sawa, la kutosha kuona unyevu kote lakini si madimbwi. Laza chapa kifudifudi kuanzia upande mmoja, kisha kwa kadi ngumu ya plastiki sukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni. Midiamu inayotoka kingoni ifute mara moja, ikipanda juu ya mgongo wa karatasi itazuia maji yasiingie na utabaki na kiraka cheupe kisichosugulika. Acha usiku kucha. Pwani wakati wa masika, acha siku nzima.

Kisha lowesha mgongo kwa sponji, subiri dakika moja au mbili, sugua kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo. Karatasi hutoka kama vijiti vya makombo. Unapoona picha vizuri, acha. Acha kweli, ikauke. Ikikauka ukungu mweupe hurudi. Hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua kidogo, rudia mara mbili au tatu. Ukungu wa mwisho haufukuzwi kwa kusugua: unafukuzwa kwa tabaka jembamba la midiamu juu yake, nao unakuwa angavu. Wanaoendelea kusugua kutafuta usafi kamili ndio wanaotoboa picha.

Je, gundi nyeupe badala ya midiamu? Gundi ya kawaida ya shule hulainika tena ikiloweshwa, na picha huondoka na kidole. Gundi ya mbao isiyopitisha maji inakubali, ila huleta umanjano. Rangi nyeupe ya akriliki nayo inafaa, na hapa kuna tofauti ya kuelewa: tona haina nyeupe. Sehemu nyeupe za picha ni utupu. Ukitumia midiamu juu ya karatasi ya khaki, mwangaza wote wa picha utakuwa khaki. Ukitumia rangi nyeupe, mwangaza utabaki mweupe lakini karatasi ya chini itapotea. Kwa mlango wa mti, khaki au plaiwudi tupu hupendeza sana, kwani rangi ya mti inapita kwenye nakshi bila wewe kupaka chochote. Kwa uso, chagua nyeupe, au uwe tayari kuongeza mwanga kwa penseli nyeupe.

Mapengo yatokanayo na hewa si lazima yawe hasara. Hapo ndipo mkono unaingia. Njumu za shaba, kwa mfano, hutoka kwenye fotokopi kama madoa meusi bapa. Zipe duara la akriliki ya rangi ya udongo wa manjano, kivuli cha kahawia upande wa chini kulia, na nukta moja nyeupe juu kushoto, zote upande mmoja. Kumi na mbili zikipata hivyo na nyingine ukaziacha bapa, mlango unainuka kwenye karatasi.

Kuna ndugu wa njia hii: kuyeyusha tona kwa asetoni, kimiminika kama cha kuondolea rangi ya kucha. Chapa hulazwa kifudifudi, mgongo hupitishwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, husuguliwa kwa mgongo wa kijiko, na kwa dakika chache picha imehama. Robert Rauschenberg wa Marekani alifanya jambo la jamii hiyo kati ya 1958 na 1960, akihamisha picha za magazeti kwa kimiminika cha kuyeyushia na kuchora juu yake. Faida kubwa ya asetoni ni kwamba haiachi ngozi ya plastiki. Karatasi inabaki inanywa maji, na mkaa unashika. Hasara ni picha hafifu yenye mistari ya kijiko, mivuke mibaya, na moto. Fanya nje, mbali na jiko, na kiasi kidogo tu kitoke kwenye chupa. Aliye na watoto ndani ya nyumba aende na akriliki.

Kuchora juu ya chapa

Hii ndiyo ya haraka, na hudharauliwa bure. Punguza nguvu ya picha hadi asilimia 30 au 40 kwenye programu, ichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa ya gramu 160 hadi 200. Muulize fundi kama mashine yake inapokea unene huo kwa trei ya mkono. Gramu 300 hukwama kwenye mashine nyingi za ofisi. Karatasi ya picha inayong'aa haifai, kwa kuwa penseli na mkaa vyote huteleza. Kinachoshika pale ni kalamu za rangi ya akriliki.

Leza au wino? Ukikusudia maji, leza. Chapa ya wino ikiguswa na brashi yenye maji, mara nyingi nyeusi yake hukimbia na kugeuka zambarau au kijani. Unaweza kuipulizia dawa ya kushikiza (spreyi ya kukaza michoro) mara mbili, tabaka jembamba kila mara, lakini usiipake kwa brashi, maana brashi yenyewe ndiyo itakayoichafua. Ukikusudia vifaa vikavu tu, penseli za rangi na mkaa, chapa ya wino ni nzuri zaidi kwa sababu haiachi ngozi inayoteleza kwenye sehemu za giza kama tona.

Kosa la njia hii ni utiifu. Picha ipo, kwa hiyo mkono unafuata, na mwishowe umepaka rangi fotokopi. Dawa ni kufuta. Paka akriliki nyeupe iliyoongezwa maji kidogo juu ya theluthi moja ya chapa, popote kamera ilipofanya vibaya: anga lililoungua, kivuli kilichoziba, watu waliopita nyuma. Ikikauka, chora upya juu yake. Iachie kamera yanayokushinda: mpangilio wa pindo la kanga, vinyweleo vya mti mkavu. Uso wa shangazi uchukue wewe kwa penseli na mkaa, kanga ibaki chapa, baraza iwe rangi ya maji. Mshono kati ya chapa na mkono ukifichwa sana huonekana kama kosa, uache uonekane.

Nini juu ya nini

Kinachobandua kazi nyingi za mseto ni mpangilio wa tabaka. Akriliki na rangi ya maji ni vya maji. Pasteli ya mafuta na krayoni ni vya mafuta na nta. Cha mafuta hukaa juu ya cha maji, lakini akriliki juu ya pasteli ya mafuta hubanduka ikishakauka. Kwa hiyo anza na wino usiochuruzika, fuata rangi ya maji, kisha akriliki, kisha penseli za rangi na mkaa, pasteli ya mafuta iwe ya mwisho. Isipokuwa unataka nta ifukuze maji kwa makusudi: nukta za kanga zikichorwa kwa mshumaa mweupe, rangi ya maji ikipita juu yake huziacha nyeupe, jambo ambalo kwa brashi ndogo lingekuchukua jioni nzima.

Uso uliohamishwa tona ni plastiki. Rangi ya maji hujikusanya juu yake kama matone kwenye jani la mgomba. Pitisha msasa laini, namba 400, kwa mkono mwepesi, au paka tabaka la midiamu isiyong'aa, ndipo penseli na mkaa vitashika. Bila hivyo, mkaa utauona ukidondoka unapoinua kazi.

Vipande vya kubandika viwekwe kabla ya mkaa. Gundi ikichanganyika na vumbi la mkaa hutoa tope la kijivu lisilotoka. Paka midiamu chini ya kipande na juu yake, na karatasi nzima ibanwe kingo zote nne kwenye ubao hadi ikauke, la sivyo itapinda kama bakuli.

Mkaa upulizie dawa ya kushikiza kwa umbali wa sm 30, mara mbili nyepesi kuliko mara moja nzito. Spreyi ya nywele hushika kweli, lakini baada ya muda hugeuka njano, na kwenye karatasi nyeupe inaonekana. Ukiweka kazi kwenye fremu, akriliki isigusane na kioo, kwa kuwa kwenye joto hunata. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadi mnene kati ya mchoro na kioo, milimita 2 au 3 zinatosha.